Paul Robeson Alipoingia Darasani Kusoma Kiswahili

Sisi tulio ughaibuni, tunaoambiwa kila siku kuwa lugha yetu haina soko, tunamkumbuka Paul Robeson. Mtoto huyu wa mtumwa aliyetoroka alizaliwa Marekani mwaka 1898. Alisomea sheria New York, akaiacha, akawa mwimbaji na mwigizaji. Mwaka 1930 aliigiza Othello jijini London.

Basi mwaka 1934, mtu mzima mwenye mke na mtoto, na jina kubwa, akajiandikisha upya kuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha London, kwenye chuo tunachokijua leo kama SOAS. Akaanza na fonetiki na Kiswahili. Cheti hakukihitaji. Alichokitafuta ni Afrika waliyonyang'anywa wazee wake.

Lakini mwaka 1935 ilitoka filamu yake, Sanders of the River, ambamo Jomo Kenyatta naye alionekana kidogo. Ilikuwa inausifu ukoloni, na yeye mwenyewe akaichukia. Kwetu hilo ni doa.

Mwaka 1950 serikali yake ilimnyang'anya pasipoti kwa ajili ya siasa zake. (Wenzetu wengi wanaijua adhabu hiyo.) Alirudishiwa 1958, na mwaka huohuo akarudi London. Alifariki Philadelphia mwaka 1976.