Livingstone: Daktari aliyetegemea gome la mti

KWA wazee wa Meru, kuanzia Kinoru hadi kwenye misitu ya Mlima Kenya, muthiga ni mti wa tiba. Gome lake, kali kama pilipili, hutafunwa au kuchemshwa ili kutuliza homa na kikohozi. Gome la mti mwingine, mkwinini wa milima ya Amerika Kusini, ndilo lililomwezesha msafiri mashuhuri, Dkt David Livingstone, kuivuka Afrika akiwa hai.

Livingstone alizaliwa mwaka wa 1813 katika mji wa Blantyre, Scotland, kwenye familia maskini. Akiwa na umri wa miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha pamba, akajisomesha usiku hadi akahitimu udaktari mwaka wa 1840. Mwaka uliofuata alifika Afrika Kusini akiwa mmishonari.

Enzi hizo malaria iliwaangamiza wageni wengi. Wanasayansi wa Ufaransa walikuwa wameitenga kwinini kutoka kwa gome hilo mwaka wa 1820, lakini madaktari wengi waliitoa kwa kiasi kidogo, tena kwa kuchelewa. Wanawe walipougua karibu na Ziwa Ngami mwaka wa 1850, Livingstone aliichanganya na dawa za kuendesha tumbo. Tembe hizo baadaye ziliuzwa kwa jina lake.

Hata hivyo, hakuipuuza tiba ya wenyeji kabla ya kuijaribu. Mnamo 1853, akiwa mgonjwa huko Linyanti, alimwomba mganga wa Chifu Sekeletu wa Wamakololo amtibu. Mganga alichemsha mizizi, akamfunika blanketi pamoja na chungu, kisha akamfukiza kwa moshi wa vijiti vya dawa. Homa haikuondoka upesi, naye akahitimisha kwamba tembe zake zilikuwa na nguvu zaidi.

Lakini kwinini nayo haikuwa kinga kamili. Mkewe, Mary, alifariki kwa homa huko Shupanga, kando ya Mto Zambezi, mwaka wa 1862.

Mwaka wa 1866 Livingstone alitua Zanzibar, akaingia bara kupitia Mto Ruvuma kutafuta chanzo cha Mto Nile. Mnamo Januari 1867, watu wawili wa msafara wake walitoroka na sanduku la dawa. Tangu hapo homa zilimwandama naye hana silaha. Henry Morton Stanley alipomkuta Ujiji mwaka wa 1871 na kumletea mahitaji, alikuwa amedhoofika mno. Alifariki Mei 1, 1873, katika kijiji cha Chifu Chitambo, nchini Zambia ya leo, baada ya kutokwa damu tumboni kwa muda mrefu.

Watumishi wake, Chuma na Susi, waliuzika moyo wake hapo, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Alizikwa London mnamo Aprili 1874.

Livingstone hakujua kwamba mbu ndiye msambazaji wa malaria. Ronald Ross alithibitisha hayo huko India kuanzia mwaka wa 1897. Leo dawa kuu za ugonjwa huo hutokana na mmea mwingine, pakanga ya Uchina. Maisha ya daktari huyo yanatufunza kwamba mmea huokoa pale kipimo chake kinapojulikana, na dawa inapomfikia mgonjwa kwa wakati.