Mtakatifu Maximilian Kolbe na Leseni ya Redio



Ndugu wasomaji, kila mitihani ya mdomo inapokaribia, swali moja hutusumbua sisi mafrateri wa falsafa. Haya tunayoyakariri hadi usiku, ya Aristotle na ya Tomaso wa Akwino, yatamfaa nini mama anayesubiri Misa kigangoni? Tumeona vema kumwendea mtakatifu aliyesoma sana, akashika kila chombo cha mawasiliano cha wakati wake, na mwisho akafa bila chombo chochote mkononi.

Mtakatifu Maximilian Maria Kolbe alizaliwa tarehe 8 Januari 1894 huko Zduńska Wola, Poland, wakati sehemu hiyo ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Raymund. Wazazi wake walikuwa wafumaji wa nguo, watu wa kipato kidogo. Akiwa mtoto alimsimulia mama yake kwamba Bikira Maria alimwonyesha mataji mawili, jeupe la usafi na jekundu la kifodini, akamwuliza analitaka lipi. Mtoto aliyataka yote mawili.

Mwaka 1907 aliingia seminari ndogo ya Wafransisko Wakonventuali huko Lwów. Alipenda hisabati, fizikia na mambo ya kijeshi, hata alikaribia kuiacha njia ya utawa awe askari. Alibaki. Mwaka 1912 alipelekwa Roma, na mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 21, alipata udaktari wa falsafa. Sisi wenye miaka 25 tunaohangaika na mantiki tukisikia hivyo tunainamisha vichwa! Wakati wa masomo hayo alichora pia mchoro wa chombo cha kusafiri angani, mbali nje ya dunia. Tarehe 16 Oktoba 1917, yeye na wenzake sita walianzisha Jeshi la Mkingiwa, na tarehe 28 Aprili 1918 alipewa Daraja ya Upadre. Mwaka 1919 aliongeza udaktari wa teolojia.

Alirudi Poland na kifua kikuu. Madaktari walimtazama kama mtu asiye na siku nyingi. Hata hivyo, Januari 1922 alitoa toleo la kwanza la gazeti la Jeshi la Mkingiwa, nakala 5,000, fedha zikiwa ni za kuombaomba. Mwaka 1927 alianzisha karibu na Warsaw monasteri iliyoitwa Niepokalanów, yaani Mji wa Mkingiwa. Kabla ya vita walikuwa wakiishi humo watu zaidi ya 700, mabruda wakiendesha mitambo ya kuchapa, na gazeti lao liliwahi kufikia nakala karibu milioni moja. Kati yake, mwaka 1930, alikwenda Nagasaki, Japani, na mwezi mmodi tu baada ya kufika, gazeti likatoka kwa Kijapani. Alirudi nyumbani mwaka 1936.

Hapo ndipo redio inapoingia. Utangazaji wa umma nchini Poland ulikuwa mikononi mwa redio ya taifa, na padre hakuweza kusimika mlingoti tu akaanza kuhubiri. Mlango uliobaki ulikuwa mdogo: leseni ya redio ya ridhaa.

Tueleze kidogo. Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu wanaotumia mitambo yao kuzungumza na wenzao wa mbali, bila malipo na bila biashara. Siku hizi anayetaka leseni husoma habari za umeme, mawimbi na sheria za hewani, hufanya mtihani, kisha hupewa leseni na alama ya kituo. Katika nchi nyingi leseni zina madaraja. Anayeanza hupewa masafa machache, na akifaulu mtihani mgumu zaidi hufunguliwa mengine. Marekani madaraja hayo ni matatu. Kwa sisi tunaotembea kuelekea Daraja Takatifu, jambo hilo si geni: hakuna anayejipandisha mwenyewe. Unasoma, unapimwa, unaitwa, ndipo unapewa.

Kituo cha Niepokalanów kilipewa alama SP3RN, herufi mbili za mwisho zikisimama badala ya Radio Niepokalanów. Kilisikika hewani tarehe 8 Desemba 1938, Sherehe ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, na Padre Kolbe mwenyewe alizungumza. Mabruda waliotumikia mtambo huo walitumia ujuzi uleule wa mikono uliokuwa ukiendesha matbaa. Chini ya mwaka mmoja baadaye vita ilianza, na kituo kikanyamaza. Leo wanaredio wa ridhaa wengi duniani wanamhesabu kuwa msimamizi wao.

Tuseme ukweli pia. Baadhi ya yaliyochapwa katika matbaa ile, na mengine aliyoyaandika yeye mwenyewe, yaliwasema Wayahudi kwa namna isiyotetewa leo. Leseni humruhusu mtu kusikika mbali, lakini haimhakikishii kwamba kila atakalosema ni la haki. Tunaojiandaa kupewa kipaza sauti cha altareni tulikumbuke hilo. Lakini vita ilipokuja, mlango wa monasteri ile ulifunguliwa kwa maelfu ya wakimbizi, na wengi wao walikuwa Wayahudi.

Tarehe 17 Februari 1941 Wanazi walimkamata. Alifungwa katika gereza la Pawiak, na tarehe 28 Mei akapelekwa Auschwitz, akawa namba 16670. Mwishoni mwa Julai mfungwa mmoja alitoroka, na wakubwa wa kambi wakachagua wanaume kumi wafe kwa njaa. Mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, alilia akiwataja mke na watoto wake. Kolbe alitoka mstarini, akajitambulisha kuwa ni padre Mkatoliki, akaomba afe badala yake. Ombi lilikubaliwa.

Ndani ya chumba cha njaa alisali na kuimba pamoja na wenzake. Baada ya wiki mbili alikuwa bado hai, wakamwua kwa sindano ya sumu tarehe 14 Agosti 1941. Mwili wake ulichomwa siku iliyofuata, Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni. Gajowniczek alinusurika. Alikuwepo Roma tarehe 10 Oktoba 1982, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipomtangaza Kolbe mtakatifu, na aliishi hadi mwaka 1995.

Sasa turudi kwa mama wa kigangoni. Siku ile mstarini Kolbe hakuwa na gazeti wala redio, na udaktari wake haukuulizwa na mtu. Lakini mtu aliyezoea miaka mingi kutafuta jinsi ya kuwafikia wengine alijua la kufanya alipomsikia mmoja akilia hatua chache tu kutoka kwake. Tunadhani masomo yetu ni kwa ajili ya hilo: tufundishwe kusikia, kabla ya kupewa ruhusa ya kusema. Kwa hiyo kesho tutaamka mapema, tusali, na tuendelee na Aristotle.

Mtakatifu Maximilian Maria Kolbe, utuombee.