MWALIMU, MABOSI NA MASHINE ZA KIHONDA

Leo namleta kwenu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ila sio yule wa kukaririshwa darasani. Namleta Nyerere wa viwandani.

Nina sababu. Nilipomaliza shule nilipiga kibarua sehemu moja, jina naliweka kapuni. Bosi akaleta mashine ya kusaini kwa kidole. Sisi tunashinda na saruji, vidole vimelika, mashine haitusomi. Watu wakakatwa siku walizofanya kazi. Hakuna aliyetuuliza. Tangu hapo ukisikia mashine mpya inakuja, watu wanacheka kwa uchungu tu.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito. Akasoma Tabora, Makerere, halafu Edinburgh. Aliporudi 1952 akafundisha Pugu. Yeye mwenyewe aliajiriwa na akabanwa: mwaka 1955 waajiri wake walimtaka achague kazi au siasa. Akaacha mshahara. Kwa hiyo machungu ya kuajiriwa aliyajua.

Lakini akishakuwa Rais, mambo yakageuka kidogo. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, vyama huru vya wafanyakazi vilifutwa ikabaki NUTA, chini ya mkono wa serikali. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, mabenki na viwanda vikubwa vikawa vya umma. Tajiri akaondoka, akaja meneja wa shirika mwenye gari na kiburi kilekile.

Mwalimu aliliona hilo. Mwongozo wa TANU wa 1971, ibara ya 15, ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, anasa na dharau. Wafanyakazi wakaushika kama silaha. Mwaka 1973 pale Dar, kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, walimfungia nje mwenye mali wakaendesha wenyewe! Haikudumu. Serikali ikakaza, migomo ikazimwa, wengi wakafukuzwa kazi.

Sasa njoo nyumbani. Miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilikopesha hela kwa ajili ya kiwanda cha viatu hapa Morogoro, kule Kihonda. Mashine za kisasa kabisa. Mpango ulikuwa jozi milioni 4 kwa mwaka, na asilimia 80 ziuzwe Ulaya. Jengo likawekwa kuta za alumini bila madirisha ya kupitisha hewa. Jua la Moro mnalijua! Mashine zikawa zinaharibika, vipuri vinataka fedha za kigeni, na nchi baada ya vita ya Kagera haikuwa nazo. Kiwanda hakikuwahi kuvuka asilimia 5 ya uwezo wake. Mwaka 1990 uzalishaji ukasimama.

Sisemi Mwalimu ndiye aliyechora ramani. Lakini nchi ilikuwa mikononi mwake, na somo alikuwa ameshalipata: makazi ya wakulima yaliyojazwa matrekta ya bei mbaya yalisimamishwa 1966, na yeye mwenyewe akawa anahubiri plau na ng'ombe, kitu ambacho mkulima anaweza kukinunua na kukitengeneza. Mbona viwandani hilo halikufuatwa?

Jibu langu ni hili. Mwongozo ulimwambia bosi asimdharau mfanyakazi. Haukumlazimisha amuulize kabla ya kununua mashine. Mtu wa Moro yeyote angesema jengo lile litakuwa tanuru. Wahenga walishasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kitu kimoja nampa heshima zote. Kuelekea kustaafu alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika vilikuwa makosa. Mabosi wangapi unaowajua wanaweza? Mwaka 1985 aling'atuka mwenyewe, akarudi Butiama kulima. Akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Siku hizi picha yake ipo ukutani maofisini. Chini ya picha hiyohiyo bosi anasaini kununua mtambo, na anayeushika anausikia siku unashushwa kwenye lori. Kwa mtindo huo msitushangae tukicheka.

Wewe kazini kwako mliulizwa? Funguka hapo chini, ila kampuni usiitaje. Nawasilisha.