Lilanga: Mlinzi aliyewapa mashetani rangi na kicheko

WATOTO wa Shinyanga na Geita hukua wakisimuliwa habari za Shing'weng'we, zimwi la hadithi za Kisukuma lililomeza watu na mifugo hadi kijana Masala Kulangwa alipoliua. Kusini mwa nchi, Wamakonde nao wana viumbe wao wa ajabu, mashetani, na hao ndio waliompatia George Lilanga riziki na jina.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, Masasi, mkoani Mtwara. Kama ilivyokuwa desturi, alijifunza kuchonga kwa mizizi ya muhogo, iliyo laini, kabla ya kukabiliana na miti migumu.

Katika miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam kutafuta maisha. Jamaa yake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa jitihada za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Kipaji chake kilipoonekana, aliacha lindo na kuingia katika kundi la wasanii.

Vinyago vya mashetani vilikuwapo kabla yake. Samaki Likankoa hutajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo huo jijini humo katika miaka ya 1950. Lakini mashetani wa mpingo walikuwa weusi na wa kutisha. Lilanga aliwahamishia kwenye ngozi za mbuzi, vitambaa na mbao laini, akawavika rangi kali. Aliwapa masikio makubwa, midomo iliyochomoza, matumbo yaliyovimba na vidole vichache, kisha akawatuma kazi za binadamu: kupika, kubeba mizigo, kupiga ngoma na kusengenyana. Mtazamaji aliyetarajia kuogopa alijikuta akimtambua jirani yake.

Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani, na tangu hapo wanunuzi wa Ulaya, Marekani na Japani walimfuata.

Umaarufu haukumkinga na maradhi. Kisukari kilisababisha akatwe miguu katika miaka yake ya mwisho. Hata hivyo, aliendelea kufanya kazi nyumbani, akisaidiwa na ndugu na wanafunzi aliowafundisha mwenyewe. Msaada huo uliendeleza karakana yake, ingawa baadaye umewapa wanunuzi kazi ya kutofautisha kilichotoka mkononi mwake na kilichokamilishwa na wengine.

Alifariki dunia Juni 27, 2005 jijini Dar es Salaam. Wakati huo kazi zake zilikuwamo katika maonyesho makubwa ya Africa Remix, yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 2004, yakapita London na kufika Paris. Mlinzi wa zamani alizikwa nyumbani, huku mashetani wake wakiendelea kuwachekesha wageni ughaibuni.