Dwight Harken

Dwight Emary Harken (1910 – 1993) alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Marekani na mmojawapo wa waanzilishi wa upasuaji wa moyo. Anajulikana kwa kutoa risasi na vipande vya mabomu katika mioyo ya askari wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa kupanua vali za moyo zilizosinyaa, na kwa kuweka vali bandia ndani ya moyo wa binadamu mwaka 1960.

Jina lake linahusishwa pia na Mended Hearts, maana yake "Mioyo Iliyotengenezwa". Ni chama kilichoanzishwa na wagonjwa wake mwaka 1951. Miongoni mwa wanachama wake wamo watu waliokwisha kupasuliwa moyo, nao huwatembelea wale wanaosubiri kupasuliwa.

Maisha ya awali

Harken alizaliwa katika mji mdogo wa Osceola, jimbo la Iowa. Baba yake alikuwa daktari, hivyo alikua akiona kazi ya tiba tangu utotoni. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard na kuhitimu udaktari huko mwaka 1936. Baadaye alifanya kazi katika hospitali ya Bellevue mjini New York, kisha akaenda London kujifunza upasuaji wa kifua chini ya Arthur Tudor Edwards katika hospitali ya Brompton.

Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba moyo haufai kuguswa kwa kisu. Mapafu, tumbo na hata ubongo vilikuwa vimekwisha kupasuliwa, lakini moyo haupumziki: hupiga bila kukoma, na ukitobolewa damu hutoka kwa nguvu. Mwaka 1896 daktari Mwingereza Stephen Paget alikuwa ameandika kwamba katika upasuaji wa moyo wanadamu wamefikia mpaka uliowekwa na maumbile yenyewe.

Wakati wa vita

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Harken alitumikia jeshi la Marekani nchini Uingereza, katika hospitali ya kijeshi iliyokuwa Stowell Park, mkoa wa Gloucestershire. Huko waliletwa askari waliojeruhiwa ambao walikuwa na vipande vya chuma ndani ya kifua. Baadhi ya vipande vilikuwa karibu na moyo au kwenye mishipa mikubwa ya damu, na vingine vilikuwa ndani ya vyumba vya moyo wenyewe. Kipande kikiachwa humo kinaweza kuleta maambukizi, au kusukumwa na damu hadi sehemu nyingine ya mwili.

Harken alijaribu kwanza mbinu zake kwa wanyama. Kisha alianza kuwapasua askari huku mioyo yao ikiendelea kupiga. Alitangulia kuweka nyuzi kuzunguka mahali pa kukata, akatoboa tundu dogo, akashika chuma kwa koleo, akakivuta na kukaza nyuzi mara moja ili damu isimwagike. Kwa njia hiyo alitoa vipande 134 kutoka kifuani, 13 kati yake vikiwa ndani ya vyumba vya moyo. Hakuna askari hata mmoja kati ya hao aliyefariki. Matokeo hayo yalionyesha kwamba mpaka alioutaja Paget unaweza kuvukwa.

Vali zilizosinyaa

Moyo una vali nne, ambazo ni kama milango inayoruhusu damu kupita upande mmoja tu. Kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto ipo vali mitrali. Homa ya rumatiki, ambayo hufuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa vizuri, inaweza kuacha makovu kwenye vali hiyo hadi ikasinyaa na kuwa ngumu. Damu hurudi nyuma na kujaa mapafuni. Mgonjwa hukosa pumzi akipanda ngazi, kisha akitembea, na mwishoni hata akilala kitandani. Katika miaka ya 1940 wengi wa wagonjwa hao walikuwa vijana, na hapakuwa na dawa ya kuwaponya.

Baada ya vita Harken alirudi Boston. Juni 1948 alifaulu kupanua vali mitrali ya mgonjwa. Charles Bailey wa Philadelphia alikuwa amefaulu siku chache kabla yake, na Russell Brock wa London alifuata mwaka uleule. Madaktari hao walipitisha kidole au kisu kidogo ndani ya moyo uliokuwa unapiga, wakapapasa vali bila kuiona, na kuachanisha sehemu zilizogandamana.

Mwanzo huo ulikuwa mgumu. Wagonjwa kadhaa wa kwanza wa Harken walifariki, naye alivunjika moyo kiasi cha kutaka kuacha upasuaji huo kabisa. Daktari mwenzake Laurence Ellis, bingwa wa magonjwa ya moyo, ndiye aliyemshawishi aendelee. Ellis alimkumbusha kwamba wagonjwa waliokuwa wakiletwa kwake walikuwa karibu na kifo hata bila kupasuliwa. Harken alirejea kazini. Pamoja na Ellis alichagua wagonjwa kwa uangalifu zaidi na kurekebisha mbinu zake, na idadi ya waliopona ikaongezeka mwaka hadi mwaka.

Kuanzishwa kwa Mended Hearts

Harken alikuwa mkuu wa upasuaji wa kifua katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston. Mgonjwa aliyelazwa hapo mwaka 1950 kusubiri kupasuliwa moyo alikuwa na sababu nzuri ya kuogopa. Ndugu na marafiki zake hawakuwahi kumwona mtu aliyepasuliwa moyo akapona. Daktari aliweza kumweleza atakachofanya, lakini hakuweza kumweleza hali ya kuamka baada ya upasuaji, kwa kuwa hakuwahi kuipitia mwenyewe.

Mwaka 1951 wagonjwa wanne waliopasuliwa na Harken walikutana na kuzungumza juu ya waliyoyapitia. Waliona kwamba mazungumzo hayo yamewasaidia, wakaamua kuwasaidia na wengine. Harken aliwaunga mkono. Ndivyo kilivyoanza chama cha Mended Hearts. Kutoka Boston kilienea katika miji mingi ya Marekani, na baadaye kilianzisha tawi linalohudumia wazazi wa watoto waliozaliwa na kasoro za moyo.

Kazi kuu ya chama ni kutembelea wagonjwa. Mgeni hufundishwa kwanza, na huingia wodini kwa makubaliano na hospitali. Hatoi ushauri wa tiba wala hasemi lolote juu ya dawa; maswali hayo huyarudisha kwa daktari. Kazi yake ni kusikiliza na kueleza yaliyomkuta. Mgonjwa anaweza kumwuliza mambo ambayo huona haya kumwuliza daktari: maumivu yakoje, usingizi utarudi lini, na ni kawaida kulia bila sababu wiki chache baada ya kutoka hospitalini? Mume, mke au mzazi anayengoja nje naye huzungumziwa, maana hofu yake mara nyingi si ndogo kuliko ya mgonjwa.

Zaidi ya maneno, mgeni huleta ushahidi. Mgonjwa humwona mtu aliyepasuliwa kama yeye ameingia kwa miguu yake mwenyewe.

Vali bandia

Vali iliyoharibika sana haiwezi kupanuliwa. Inabidi itolewe na kuwekwa nyingine. Mwaka 1952 Charles Hufnagel wa Washington aliweka vali bandia yenye mpira mdogo ndani ya aota, yaani mshipa mkubwa unaotoka moyoni, lakini aliiweka mbali na moyo wenyewe. Mwaka 1953 John Gibbon wa Philadelphia alifaulu kumpasua mgonjwa huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Kuanzia hapo daktari aliweza kuufungua moyo na kuona anachokifanya.

Tarehe 10 Machi 1960 Harken aliweka vali bandia mahali penyewe pa vali ya aota. Vali hiyo ilikuwa na mpira mdogo ndani ya kizimba cha chuma: moyo ukisukuma damu mpira husogea mbele, na moyo ukilegea mpira hurudi na kuziba njia. Miezi michache baadaye Albert Starr wa Portland, Oregon, akitumia vali aliyoibuni pamoja na mhandisi Lowell Edwards, alifaulu kubadilisha vali mitrali.

Harken aliandika masharti kumi ambayo vali bandia nzuri inapaswa kutimiza. Miongoni mwake ni kwamba isigandishe damu, idumu muda mrefu, ijifunge upesi na ibaki imara mahali ilipowekwa. Sharti mojawapo lilimhusu mgonjwa moja kwa moja: vali isimsumbue. Sharti hilo lina maana, kwani vali za chuma hutoa mlio mdogo kila moyo unapopiga, na mgonjwa huweza kuusikia usiku palipo kimya. Mgonjwa aliyeambiwa mapema na mtu anayeishi na mlio huo huushtukia kidogo kuliko yule asiyejua.

Hadi leo anayejiandaa kubadilishiwa vali hukabili uchaguzi. Vali ya chuma hudumu sana, lakini humlazimu kunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Vali iliyotengenezwa kwa tishu za ng'ombe au nguruwe mara nyingi haihitaji dawa hiyo kwa muda mrefu, lakini huchakaa, na huenda ikabidi apasuliwe tena. Uamuzi hufanywa pamoja na daktari. Anayeishi na vali ya aina fulani anaweza kueleza maisha hayo yalivyo kila siku.

Miaka ya mwisho

Harken alikuwa pia miongoni mwa waliotangulia kutenga chumba maalumu cha kuwaangalia wagonjwa mahututi baada ya upasuaji. Alifundisha Harvard na kuwa rais wa chama cha madaktari wa moyo cha Marekani. Mwanawe, Alden Harken, naye akawa daktari wa upasuaji. Dwight Harken alifariki Agosti 1993 akiwa na umri wa miaka 83.

Umuhimu kwa Afrika Mashariki

Katika nchi tajiri homa ya rumatiki imekuwa adimu, lakini Afrika Mashariki bado inaharibu vali za watoto na vijana. Vali hubadilishwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, katika hospitali ya Tenwek nchini Kenya na katika taasisi ya moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala. Nchini Uganda kimewahi kuundwa pia kikundi cha watoto wenye ugonjwa huo ili wasaidiane wao kwa wao, jambo linalofanana na lile lililoanzishwa na wagonjwa wanne wa Boston.