Jamaa Aliyechungulia Ndani ya Jicho Bila Kisu

Ukienda kupimwa miwani, unaambiwa uweke kidevu kwenye kile kimashine, utazame mbele, usipepese. Hakuna sindano wala kisu. Ni mwanga tu. Sasa acha nikupigie stori ya jamaa aliyefungua hiyo njia.

Anaitwa Hermann von Helmholtz. Alizaliwa mwaka wa 1821 mjini Potsdam, Ujerumani, mtoto wa mwalimu. Moyo wake ulikuwa kwa fizikia, lakini karo ilikuwa noma. Berlin kulikuwa na chuo cha madaktari wa jeshi kilichosomesha bure, ila ukimaliza unalitumikia jeshi miaka minane. Akaingia. Kama uko kwenye kozi uliyochaguliwa na mfuko, unamwelewa. (Mimi niliacha chuo. Yeye alikaza.)

Mwaka wa 1847, akiwa bado daktari wa kambi, aliandika kwamba nishati haipotei, inabadilika umbo tu. Jarida kubwa la fizikia likakataa kazi hiyo, akaitoa kama kijitabu.

Kufikia 1850 alikuwa akifundisha Königsberg, na wakati wa kuandaa somo likamjia swali: mbona mboni ya jicho huonekana nyeusi? Cheki hapa. Mwanga ukiingia jichoni hurudi kwa njia ile ile ulikotoka. Ili uuone, lazima jicho lako likae palipo na taa, na ukikaa hapo kichwa chako kinaiziba. Basi akachukua vioo, lenzi, kadibodi na gundi. Kioo alichokilaza mshazari kilirusha mwanga wa taa ndani ya jicho, naye akachungulia kupitia kioo hicho hicho. Akaona retina ya mtu aliye hai, mishipa ya damu na kila kitu! Kabla ya hapo mtu angepofuka na daktari abaki kukisia tu. Charles Babbage, yule wa mashine za hesabu, alikuwa ametengeneza kifaa kama hicho miaka michache awali, lakini daktari aliyeonyeshwa hakuona maana yake. Pole yake.

Kuona hakukumtosha, akataka vipimo. Tazama jicho la rafiki yako, utaona picha ndogo ya dirisha iking'aa juu yake. Ukijua ukubwa wa dirisha, umbali wake na ukubwa wa hiyo picha, unapiga hesabu ujue jicho limepinda kiasi gani. Shida ni kwamba jicho halitulii. Helmholtz akaweka vioo viwili vya mshazari vinavyoigawa picha kuwa mbili, akavizungusha hadi picha ziguse kingo. Jicho likicheza, zote mbili zinacheza pamoja, na kipimo hakiharibiki. Kwa njia hiyo alipima pia jinsi lenzi ya jicho inavyovimba ukitazama kitu cha karibu, kama simu unayoisoma sasa.

Kiti cha profesa wa fizikia alikipata Berlin mwaka wa 1871, akikaribia miaka 50. Alifariki mwaka wa 1894.