Samuel Johnson, mtu aliyeifafanua give up

Mwanafunzi wa Ikombe, anayesema Kikisi nyumbani na Kiswahili shuleni, anajua give ni toa na up ni juu. Akikutana na give up, anatafsiri toa juu, na hapo anapotea. Maana yake ni kukata tamaa au kuacha. Zamani ilikuwa kukabidhi, kama ngome kwa adui. Hata sisi tunakata tamaa, tunakata shauri na tunakata kiu, wala hatushiki kisu.

Aliyeyachambua maneno haya mapema ni Mwingereza Samuel Johnson, mtoto wa muuza vitabu, aliyezaliwa Lichfield mwaka 1709. Macho yake yaliharibika tangu utotoni. Chuo cha Oxford alikiacha kwa kukosa ada.

Mwaka 1746 wachapishaji wa London walimpa kazi ya kuandika kamusi. Aliahidi miaka 3, ikamchukua karibu 9. Mkewe, Elizabeth, alifariki mwaka 1752 kazi ikiwa bado haijaisha. Kamusi ilitoka Aprili 1755, ikiwa na maneno yapata 42,000. Take peke yake alilipa maana 134! Maneno kama give up aliyapa nafasi yake, kwa kuwa aliona ndiyo yanayowatesa wageni.

Sifa alipata, fedha hakupata. Mwaka 1756 alikamatwa kwa deni lisilofika pauni 6.

Alifariki Desemba 13, 1784. Sehemu kubwa ya mali yake alimwachia mtumishi wake, Francis Barber, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaika.